Pembe ya Baba

Djerba, mfungo wa toba wa Kippur umekaribia

Kwako Khamus, mdogo wangu uliye Paris,

Mimi ni mzima, meno ninayo yote, na hakuna mzee hapa Hara, mtaa wetu wa Wayahudi, anayepanda ngazi kama mimi. Tini zimeiva. Nikizila nakumbuka tulivyokuwa tukiziiba, na baba juu darini akijaribu pembe yake ya kondoo ya kuwaita watu watubu, hata jirani akipiga kelele, “Fraji, mwambie babako mbuzi wangu wameshatubu wote!”

Baba alipofariki ukaondoka na pembe ile bila kuniuliza mimi mkubwa. Mwaka juzi ulikuja kuniomba msamaha, nikakufukuza. Mwaka jana ukaja tena, nikakufukuza tena. Rabi akaniambia, “Mkaidi wee, akija mara ya tatu ukamkatalia, dhambi inakuwa yako.” Nikamjibu, “Mabega ninayo.”

Mwaka huu nimekaa mlangoni mwezi mzima wa toba. Hukuja. Wanasema miguu imekukataa.

Basi mara ya tatu naichukua mimi. Nisamehe, Khamus, kwa kukufukuza. Pembe kaa nayo, umpulizie baba. Nijibu kabla ya mfungo. Ukinifukuza, mimi sina moyo kama wako wa kurudi tena.

Kaka yako,
Fraji