Kanga Juu ya Vidole

Mwanza, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Masuguru na mvua hizi, na macho je? Mimi ni mzima, nakula nashiba, ingawa bada ya muhogo kama yako huku sijaipata. Usishtuke kwa ukubwa wa maandishi haya. Sababu nitakuambia nikimaliza habari.

Uliniandikia, kwa mkono wa mwalimu jirani, kwamba umesikia wapiga chapa wanaachishwa kazi, na kwamba nirudi Korogwe kabla sijafukuzwa. Ulisikia kweli. Ofisi yetu ya kusafirisha samaki iliuza mashine za chapa zote mbili, ikanunua kompyuta moja. Wapiga chapa tuko wawili, mimi na Bwana Festo, na meneja alituambia kwamba mwisho wa mwezi atabaki mmoja. Festo ana cheti cha kompyuta kutoka Nairobi. Mimi cheti hicho sina.

Hivi vyombo vya kisasa nina maoni navyo, na unanijua sijui kuyameza. Pasi ya umeme naisifu, haimwagi majivu kwenye blauzi nyeupe. Birika la umeme silitaki: unalisifia asubuhi, mchana umeme unakatika, unarudi kwenye mkaa ukiwa na aibu. Kompyuta yenyewe ina programu mbili za kuandikia. Ya zamani ni kioo cha buluu na maandishi meupe, basi. Kila amri ina vitufe vyake, na ukishavikariri mikono inajiendea. Ile mpya imejaa vipicha, na inaendeshwa kwa kidude wanachokiita kipanya, ambacho lazima ukifuate kwa macho kila wakati kama mtoto anayetambaa karibu na jiko. Festo ni mtu wa kipanya. Kazi yake ilikuwa kunicheka: "Dada Zaina, bado uko kwenye programu ya mabibi?"

"Mabibi ndio waliokulea," nilimjibu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita alikuja mnunuzi kusaini mkataba, na ndege yake ilikuwa ya alasiri. Nilikuwa nimemaliza kurasa nne kati ya sita, kioo kikazimika. Umeme ulikuwepo, kompyuta inanguruma, taa yake inawaka, ila kioo cheusi tii. Festo akaja, akakigonga, akachomoa waya akachomeka, akatikisa na kipanya chake. "Basi tena," akasema. "Bila kioo utaandika nini? Tungoje fundi kesho." Mgeni alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi. Meneja alishika kichwa.

Mama, hapo nilikukumbuka. Nililikumbuka lile boksi la sabuni ulilolikata, tukalichora herufi kwa mkaa kama zilivyopangwa kwenye mashine ya chapa, kwa sababu ile ya chuoni nilikuwa naigusa saa moja tu kwa wiki. Ulikuwa unachambua maharage, mikono yangu umeifunika kwa kanga yako. Mimi nataja herufi na kugusa, wewe unafunua ghafla kuona kidole kimekaa wapi. Kikikosea, tunaanza upya. Jirani akauliza, "Mama Zaina, huyu mtoto anapapasa nini humo kila siku?" Ukamjibu, "Anatafuta kazi."

Nikamwambia meneja, "Bosi, nisomee kwa sauti." Nikafumba macho, maana kile kioo cheusi kilinisumbua bure. Akasoma, nikapiga, mpaka mwisho. Nikabonyeza vitufe vya kuhifadhi, kisha vya kuchapisha. Kimya. Halafu printa ikaanza kukwaruza. Kurasa sita zikatoka, kosa moja tu, wakalirekebisha kwa kalamu.

Mgeni alisaini, akaiwahi ndege. Meneja akaniuliza kompyuta nilisomea wapi. "Masuguru," nikasema, "jikoni kwa mama yangu." Alidhani namtania. Juzi amenipa barua ya ajira ya kudumu. Festo amepelekwa ghalani, na mwenyewe kaniomba nimfundishe vile vitufe. Nimekubali, ila lazima aje na kanga.

Kwa hiyo sirudi, Mama. Nitakuja likizo. Lile boksi usiliwashie moto, binti wa kaka atalihitaji. Nisalimie kaka na mkewe, shangazi wa Hale, na mwalimu jirani. Mwambie namshukuru sana kwa kukusomea, ingawa Masuguru nzima hujua habari zangu kabla hujakunja karatasi.

Na sasa maandishi. Ile programu ya vipicha niliyoitukana ina jambo moja ambalo limenifunga mdomo: inazikuza herufi kadiri upendavyo. Kisomo cha watu wazima ulikimaliza vizuri, Mama. Macho tu ndiyo yaliyokuja kukuangusha. Fundi ameleta kioo kipya, nimeomba ruhusa, nimekaa hapa tangu asubuhi nikizipima herufi, nikisogeza karatasi mbali na kuisoma nimekodoa kama wewe. Karatasi zimekuwa nyingi, lakini hii haimhitaji mwalimu.

Kama umefika mstari huu bila kumwita mtu, basi tumefaulu sote wawili.

Mwanao,
Zaina