Bibi wa Kwenye Daftari

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako za Jumapili nilizipokea, na hizi zangu zipokee kwa mikono miwili. Naamini wewe u mzima, mkwe wangu fundi umeme ni mzima, na huyo mpangaji wako wa miezi saba anaendelea kukupiga mateke ya mbavu. Mimi huku sijambo kabisa. Saluni inakwenda. Wateja bado wananiita Mama Kaza, bado wanatoa machozi nikiwasuka, na bado wanarudi.

Najua utajiuliza kwa nini mama ameshika kalamu na simu ipo. Kwenye simu unanikatiza, ukinikatiza nacheka, nikicheka nasahau nilichotaka kusema. Na Jumapili uliniuliza swali ambalo sikulijibu. Ulisema mmekubaliana, mtoto akiwa wa kike atapewa jina la bibi yako, yaani mama yangu mimi, na kwamba kabla hujajifungua mnataka kwenda kwenye kaburi lake kumpa habari. Ukauliza kaburi liko wapi. Nikakwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mwanangu, mtandao ulikuwa mzima kama mimi.

Nitakujibu humu humu. Ila niache nianzie mbali kidogo, maana jambo lenyewe ni zito na mimi nimejaa haya.

Mambo yalianzia kwenye kichwa cha yule mteja wangu karani wa benki. Wiki tatu zilizopita nilimsuka mistari, nikamaliza, nikampa kioo. Akajitazama mbele, akajitazama nyuma, kisha akaniuliza kwa upole kama ule mstari wa katikati unaelekea mjini au unarudi ulikotoka. Nilipoinama kutazama vizuri, lo! Ulikuwa umepinda kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Mwenzangu wa saluni alicheka mpaka akaketi chini. Nikamfumua yule dada na kumsuka upya, huku nimekibananisha kichwa chake na pua yangu, na jasho jembamba likinitoka. Miaka yote hiyo mkono wangu haujawahi kukosea njia.

Basi siku yangu ya kliniki ilipofika nikamweleza daktari. Daktari mwenyewe sasa ni kijana, sidhani kama alikuwa ameanza shule wakati mimi naanza dawa. Akanipima macho, akanipima presha, akachukua damu, akaniambia niinue magoti, nayo magoti yakalia mpaka yeye mwenyewe akayasikia. Halafu akaketi na kuvuta pumzi, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Akasema virusi havionekani kwenye kipimo, kama ambavyo havijaonekana kwa miaka mingi, na kwa upande huo hana neno. Ila presha imepanda. Macho yanataka miwani. Magoti yameanza kuchoka kwa kusimama. Akasema pole, mama, haya mengine ni mambo ya umri tu.

Mwanangu, nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, sina mbavu, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Daktari alidhani nimechanganyikiwa. Nikamwuliza arudie lile neno la mwisho, akarudia: umri. Nikamwambia yeye hajui amenipa nini. Niliingia jengo lile nikiwa na kilo thelathini na nane na mtoto wa miaka mitano mkononi, wala hakuna aliyekuwa akihangaika na magoti yangu ya baadaye. Leo naambiwa nina magonjwa ya wazee kama watu wengine wote!

Naye akacheka. Akaeleza kwamba sisi tuliokaa na dawa muda mrefu hivi tunafika umri ambao zamani hawakuutegemea, kwa hiyo sasa kazi yao ni kuangalia moyo, figo, mifupa na sukari, si virusi peke yake. Akaniagiza nitembee kila siku na nipunguze chumvi. Nikamwambia ya chumvi amechelewa, nimeshaila nyingi. Kwa hiyo sasa nina vidonge viwili kila asubuhi. Kile cha presha nimemkaribisha kama mgeni, nimemwambia akae kwa adabu, mwenyeji wake yuko humu ndani mwaka wa ishirini na mbili. Unakumbuka enzi zile za vidonge asubuhi na jioni, na wewe na sauti yako nyembamba ukinifuata hadi bafuni kwamba saa moja imefika? Sasa ni mara moja tu, nikishapiga mswaki nimemaliza. Na wananipa vya miezi sita kwa mkupuo.

Nilirudi nyumbani na miwani mpya usoni. Nikaona vumbi ambalo sikujua ninalo, nikafagia nyumba nzima. Chini ya kitanda nikakuta lile boksi la viatu. Kwa kuwa swali lako lilikuwa bado linanikaa kooni, nikalifungua, nikatoa daftari, nikaketi kulisoma.

Wewe daftari lile unalijua kuliko mimi. Uliliona ukiwa na miaka tisa, ukitafuta kiatu, na ukalisoma lote siku ile ile. Lakini sijawahi kukueleza lilivyoandikwa. Dawa ndiyo kwanza zilikuwa zimefika, na wengi wetu hatukuziamini. Mshauri wa kliniki alitukusanya akina mama kumi na mmoja chumba cha nyuma, akatupa kila mmoja daftari la jalada la bluu, akasema tuwaandikie watoto wetu mambo ambayo wangetuuliza wakishakua, iwapo sisi hatutakuwepo. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa chake. Siku uliyozaliwa. Chakula ulichokipenda. Kisha tukafika ukurasa ulioandikwa: Bibi yako. Wenzangu wakainama na kuandika. Mmoja alijaza kurasa mpaka akaomba daftari la pili. Mimi nilishika kalamu mpaka ikapata joto.

Sasa soma polepole, mwanangu. Uwe umeketi, na miguu umeinyoosha.

Sikuwa na mama wa kumwandika. Mimi nilizaliwa wodini, na aliyenizaa aliondoka kabla hata jina lake halijaandikwa. Nililelewa kwenye kituo cha watoto, tukiwa arobaini. Nilipotoka pale nilijifunza kusuka, na yaliyobaki unayajua. Sina mama, sina shangazi, sina mjomba. Nikakutazama umelala kwenye benchi la kliniki, mdomo wazi, nikafikiri: huyu nikimwacha, hana mbele wala nyuma. Hata mtu wa kumkumbuka hana. Nikaona uchungu wa ajabu. Basi nikatunga. Bibi yako mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja. Bibi yako ambaye magoti yake yalilia hata nyumba nzima ikajua anakuja. Bibi aliyebishana na mtangazaji wa redio. Bibi ambaye kabla ya safari au jambo gumu aliketi kizingitini, akahesabu vidole vyake, na akikuta kumi vimetimia akainuka akaenda. Yote hayo niliyatoa kichwani mwangu, chumba cha nyuma, kwa saa moja na nusu.

Nilijua ni uongo. Lakini niliuandika nikiamini kwamba mwongo mwenyewe atakuwa ameshazikwa, na nani angemwuliza maiti maswali? Halafu nikakosea kitu kimoja tu, mwanangu. Sikufa.

Ningekwambia siku ile ulipolisoma. Ulikuja saluni mbio, mbele ya wateja watatu, ukanikumbatia kiuno ukasema una bibi. Kesho yake ulikuwa na mtihani, nikakuta umeketi kizingitini unahesabu vidole. Moyo ulinipasuka vipande viwili, kimoja kwa aibu na kimoja kwa furaha. Nikasema nitakwambia ukikua. Ulipokua nikasema nitakwambia baada ya harusi. Na siku ya harusi ukasimama mbele za watu, ukamshukuru bibi, ukahesabu vidole, wote wakapiga makofi, mimi nikaenda chooni kulia. Ukinikasirikia una haki. Nimekudanganya miaka kumi na minane, nikikutazama machoni, na kwa hilo naomba radhi bila kujitetea.

Jina lake, hata hivyo, sikulitunga. Ni la yule muuguzi aliyenipima uzito siku ile ya daftari. Wakati sisi tunaandika kwaheri, yeye alikuwa mezani anajaza kadi yangu mpya ya dawa. Kadi ilikuwa na mistari kumi na miwili. Wauguzi wengine walikuwa wakijaza mmoja tu, wa mwezi unaofuata. Yeye alijaza tarehe zote, mpaka chini, kisha akanikabidhi akisema hapendi watu wanaochelewa. Hakucheka hata kidogo. Nilipokwama kwenye jina la bibi nikainua macho, nikaliona limeandikwa kifuani kwake. Amestaafu, anakaa mtaa wa pili kutoka saluni. Yu hai, ana meno machache kuliko mimi, na hapo juzi nilimpeleka maandazi akanigombeza kwa sababu ya sukari.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Jana nilipokuwa nausoma tena ule ukurasa, miwani ilikuwa inaniteleza, maana mkono mmoja niliukalia siku ya pili tu nikaufunga uzi. Nikainuka kuzima redio, kwa kuwa tulikuwa tumeshakosana na mtangazaji. Magoti yakalia. Nikasimama pale pale katikati ya chumba, mwanangu. Yule mwanamke niliyemtunga kwa sababu sikutegemea mimi mwenyewe kuzeeka, ndiye huyu aliyesimama anatafuta swichi ya redio.

Ulitaka kaburi, na mimi kaburi sina. Nina vikongwe wawili walio hai, mmoja mwenye jina na mmoja mwenye magoti. Kama bado unalitaka jina hilo kwa mtoto, chukua, twende wote tukamwombe mwenyewe. Na kama hasira ni nyingi na hulitaki tena, mtafute jingine, nami nitampenda mtoto kwa lolote mtakalompa.

Mwezi ujao, siku zako zikikaribia, nitakuja. Dawa ninazo za kutosha, nitazibeba zote. Mwambie mkwe wangu asikiondoe kile kiti kirefu, magoti hayataki kuinama. Na siku mtakayorudi naye kutoka hospitali, nikishaketi mnipe mtoto kwanza kabla ya chai, nimhesabu vidole. Hilo nalo nililitunga, lakini wewe umeshalifanya siku zote ngumu za maisha yako, sina tena uwezo wa kulifuta.

Daftari nimelitia humu pamoja na barua. Ni lako tangu mwanzo. Nimesoma ukurasa wa bibi yako mara tatu nikiwa na kalamu mkononi, nikitaka kufuta uongo wote, na mwishowe nimefuta mstari mmoja tu: ule unaosema alifariki kabla hujazaliwa.

Msalimie sana mkwe wangu. Majirani na wateja wote wanakusalimu, hata karani wa benki, ambaye sasa kichwa chake kimenyooka.

Ni mimi mama yako nikupendaye,
Mama Kaza