Mkono wa Asubuhi Kiwandani

Mjukuu wangu Mwende,

Babu yako anakusalimu, kisha shangazi zako, kisha ndama aliyezaliwa jana hapa Masii.

Unauliza kama uache kazi kwa kuwa hakuna anayekujua hapo kazini. Nilipoanza kushona nguo kiwandani Athi River, kila asubuhi niliwasalimu wafanyakazi wote kwa mkono, kama tufanyavyo nyumbani. Msimamizi akafoka, "Mama, hapa ni kiwanda, si harusi!" Nikaacha salamu, nikashona tu, nikawaza kurudi shambani.

Asubuhi moja nikamkuta mlangoni, mkono ameunyosha. "Nisalimu, Mama Kasyoka. Hawa wamenuna tangu uache!"

Kumbe alilijua jina langu! Nilicheka hadi machozi, nikabaki.

Kwa hiyo familia imekaa na kuamua: usiache kazi kabla hujawapa wote mkono. Anza kesho, na anayekaa karibu na mlango.

Nyanya yako