Karatasi Uliyompa Bwana

Fundi Eliakimu,

Leo ni Jumapili. Watu wametoka kanisani, na mimi nimekuja kukaa kwenye benchi lako la kunolea misumeno, kwa sababu hapa hakuna wa kuniuliza ninaandika nini. Siku hizi mtu akishika kalamu, watu wanamtazama mikono. Tangu tulipokuzika mwezi wa nane nilitaka kukuandikia, nikakosa neno la maana. Sasa ninalo, na si zuri.

Bwana alifukuza watu tisa wa kiwanda chake cha mbao, siku tatu kabla ya Krismasi.

Ilikuwa asubuhi, ile baridi ya huku juu ya Njoro unaijua, tumejipanga kuitwa majina. Karani Silvano akatoka ofisini na karatasi. Akasoma majina tisa, akasema hao warudishe vifaa na watoke kwenye nyumba za laini, zile za wafanyakazi, kabla ya sikukuu. Mzee Nyongesa ndiye alikuwa wa kwanza. Nyongesa, Fundi, aliyekufundisha wewe mwenyewe kufunga mkanda wa mashine! Akauliza, "Nimefanya nini?" Silvano akakunja karatasi. "Mimi nasoma tu, mzee."

Mke wa Barasa alikuwa ametoka kupaka nyumba yao udongo mweupe kwa ajili ya Krismasi. Alianza kufunga sufuria na ukuta bado haujakauka.

Wakati huu wa hali ya hatari mtu hafukuzwi hivi hivi. Wote tuliwaza jambo moja: kuna mtu amepeleka majina. Kuna mtu amesema wale tisa wamekula kiapo cha waasi, au wanawapelekea chakula msituni. Ukishasemwa hivyo, hakuna shamba litakalokuchukua kutoka hapa hadi Nakuru, na askari wakikukuta njiani huna kazi, hujui utaishia wapi.

Nilimshuku Silvano. Nikamshuku nyapara, eti kwa sababu siku hiyo alinisalimia mara mbili. Kufika jioni nikaona kwamba wao wananishuku mimi. Kwenye banda la misumeno, karibu wote wametajwa, mimi nimebaki. Na mimi najua kuandika. Barasa alipita mlangoni kwangu akasema kwa sauti, "Wengine walienda shule ili watuandike." Yunia, mke wangu, ana mimba ya miezi saba. Alienda bombani, wanawake wakanyamaza hadi akajaza debe lake akaondoka. Akarudi, akaliweka chini, akaniambia, "Zakayo, niambie ukweli. Ni wewe?"

Mke wangu mwenyewe, Fundi.

Kesho yake niliambiwa nipokee misumeno na tupa kutoka kwa waliofukuzwa. Walisimama nje ya stoo, hakuna aliyenisemesha. Mmoja akakohoa. Kisha mwingine. Nyongesa akashika ukuta akakohoa hadi macho yakatoka machozi. Ndipo nikaanza kusikiliza. Wote tisa. Kikohozi kile kikavu, kile kilichokumaliza wewe. Nikakumbuka mwaka jana ulivyokuwa unasimamisha tupa katikati ya kunoa, unainamisha kichwa. Nilidhani unasikiliza msumeno.

Nikaenda moja kwa moja kwa Silvano. Nikamwambia, "Wale wote wanaumwa kifua. Nani aliyejua?" Alinitazama sana. Akafunga mlango, akavuta droo, akasema, "Ukisema nimekuonyesha, na mimi nimefukuzwa."

Mwandiko ulikuwa wako. Zile herufi ulizojifunza ukubwani pale misheni, zimesimama wima na zina makali. Nilisoma majina kwanza. Nisamehe, Fundi. Nilipoona majina tisa na mkono wako, nilisema moyoni: huyu mzee aliwauza. Nilikula kwake miaka mitano, kumbe alikuwa anawauza. Halafu nikasoma yaliyo juu. "Bwana, hawa watu wanaumwa kifua kwa vumbi la mbao kama mimi. Naomba uwatoe ndani ya banda, uwape kazi ya nje, ya kupakia au kupanda miche." Na chini kabisa: "Zakayo bado ni mzima, ninamfunga kitambaa puani."

Chini ya hayo Bwana alikuwa ameandika neno moja la Kiingereza. Silvano akanitafsiria: hawafai.

Nilichukia. Nilimchukia Bwana, nikakuchukia na wewe. Nilidhani kile kitambaa ni ukali wako tu. Mbona hukusema? Tulikaa benchi moja.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nikisema, watasema marehemu ndiye aliyewaponza, na Mama Rasoa, mjane wako, bado anaishi katikati yao. Nisiposema, wataondoka wakiamini kuna mtu amewasingizia kiapo, na hawatajua cha kujibu wakiulizwa.

Niliwakuta asubuhi ya kuamkia Krismasi, wamekaa juu ya mizigo yao wakingoja lori. Nikawaambia karatasi ya majina ni yako. Barasa akaruka juu. "Marehemu alituuza?" Nikawasomea maneno yako kutoka kichwani, yote, hadi lile la kitambaa. Nyongesa alikuwa ameweka kiganja kifuani.

"Kumbe alikuwa anatusikia," akasema.

"Angetuambia sisi," Barasa akajibu. "Kifua ni changu. Angeniambia mimi kabla ya Mzungu."



Nyongesa ndiye aliyesema twende. Tulienda watu kumi hadi barazani kwa Bwana, tukavua kofia. Hatukuomba kazi. Tuliomba aandike kwamba hawa watu hawana kosa, wameondolewa kwa ugonjwa. Bwana akatutazama mmoja mmoja. "Nani aliwaambia habari za ugonjwa?" Hakuna aliyegeuka kumtazama Silvano, aliyekuwa amesimama nyuma yetu. Nyongesa akamjibu, "Bwana, tumekohoa pamoja miaka yote hii. Nani atuambie?"

Aliwaandikia. Kwa nini, sijui, na simwamini. Labda alitaka tutoke barazani kabla wageni wake hawajafika. Lakini barua zile zimefanya kazi. Watano wamepata vibarua kwenye mashamba ya ngano, nje, kwenye upepo. Barasa amerudi kwao Bungoma. Aliniaga kwa mkono. Nyongesa yuko Nakuru kwa binti yake, na kikohozi hakijamwacha. Wawili sijasikia habari zao, nami kila lori likipita nachungulia.

Mama Rasoa nilimwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu. Alilia, kisha akasema, "Nilimwona akiandika. Aliniambia ni barua ya nyumbani."

Fundi, ulificha mno. Nadhani uliogopa kuwatisha, na ukaamini Bwana atasoma kama ulivyoandika. Mimi siamini hivyo tena. Kuna mtu mpya kwenye mashine ya pili, kijana wa Molo, na wiki hii nimeanza kumsikia akisafisha koo asubuhi.

Pumzika sasa. Umefanya kazi ya kutosha, na hasira yangu nimeimaliza hapa kwenye benchi hili. Ninakuahidi jambo moja. Kesho, kabla mashine haijawashwa, nitamwendea yule kijana nimwambie ninachokisikia. Yeye kwanza.

Kwaheri, Fundi wangu.

Zakayo