Nilirushiwa Jiwe

Jumamosi, 6 Septemba
Safari ya Gorong'a kwa mama, kama kila Jumamosi. Sukari, sabuni, dawa yake ya matone. Karibu na Genkuru nikajikuta nyuma ya lori la kokoto. Limejazwa kupita kiasi, halina turubai. Paa! Jiwe dogo tu, limechomoka kwenye tairi lake. Kioo cha mbele kimepata tundu na ufa wa shubiri moja. Lori halikusimama. Nimepiga honi mpaka nikaona aibu mwenyewe.

Nimeripoti kwenye kituo kidogo cha polisi kilicho njiani. Afande Marwa, kijana mpole, ila kuandika kwake ni kama anachimba choo. "Rori ririkuwa rangi gani, mwarimu?" Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, nimestaafu, na bado hizo r zinanifuata. Nikamwambia alete kalamu. Nikaandika maelezo mwenyewe, mistari miwili, nikasaini. Yeye atachapa ripoti.

Mama nimemwonyesha ufa. Akapapasa kioo, akasogeza uso mpaka pua ikagusa. Akasema gari ni zima, niache kelele. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Mugumu tarehe 15 hadi 18, halafu haijulikani lini tena. Nimemwahidi nitamfuata mwenyewe. Basi halifiki kwake, na bodaboda hawezi, nyonga yake mbovu.

Jumatatu, 8 Septemba
Ufa umefika katikati. Leo trafiki amenisimamisha hapa Mugumu: gari lisitoke tena nyumbani mpaka kioo kibadilishwe. Sawa. Ndiyo maana nikakata bima kubwa, si ile ndogo ya kubandika tu. Fomu na picha nimempelekea Swedi, wakala wa bima, pale dukani kwake karibu na stendi. Ripoti ya polisi ikifika, siku mbili tatu watalipa. Nimerudi kwa miguu nikijiona mwanamke mwenye akili.

Ijumaa, 12 Septemba
WAMEKATAA.

Swedi kanisomea taratibu, kama mtu anayesoma tanzia. Ripoti ya polisi inasema: "Nilirushiwa jiwe karibu na Genkuru." Kampuni inasema kurushiwa mawe ni vurugu, na bima yangu haina kipengele cha vurugu. Wanauliza pia nilikuwa nafanya nini kwenye vurugu. Mimi! Mjane wa miaka sitini na mbili, mweka hazina wa akina mama kanisani!

Nani kamrushia nani? Jiwe limetoka kwenye tairi. Ni yule Marwa. Kachapa alivyoelewa. Mtu asiyejua l na r ataijuaje kauli ya kutendewa? Swedi anasema kama maelezo yamekosewa, polisi wayarekebishe, basi. Nimemwambia anayepaswa kurekebishwa ni Marwa.

Jumapili, 14 Septemba
Sikwenda ibadani. Nisingeweza kumpa mtu mkono wa amani.

Mwita, mdogo wangu, amepiga kutoka Tarime. Anasema nikodi Probox nimfuate mama, bima itajijua. Nikamwambia gari ninalo na bima nimelipia, kwa nini nipande la mtu? Akauliza: "Dada, jicho ni la mama au la bima?" Nikamkatia simu. Ana adabu za kwenye baa, huyo.

Nina hasira. Chai nimeimwaga mara mbili.

Jumatatu, 15 Septemba
Madaktari wamefika. Foleni imetoka nje ya geti la hospitali. Nimeiona nikienda kwa Swedi na barua yangu. Kurasa nne. Makosa ya kampuni nimeyapigia mstari mwekundu. Swedi kaisoma yote, maskini, mpaka mwisho. Kisha: "Mwalimu, mimi ni wakala tu. Nenda kituoni."

Mama kamtuma jirani anipigie. Nguo zake zimeshafungwa kwenye kitenge, amekaa mlangoni, anasikiliza magari.

Jumanne, 16 Septemba
Nimepanda basi la asubuhi. Njia nzima nimepanga maneno, na nikayasema yote. Mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi. Nimemwambia Afande Marwa kwamba anavaa sare ya serikali na hajui lugha ya serikali. Kwamba kwa uzembe wake mama yangu atabaki kipofu. Nilipiga meza.

Alisubiri nimalize. Akasema, "Shikamoo, mwarimu," maana hata salamu yake sikuwa nimeingoja. Kisha akafungua faili, akaligeuza upande wangu.

Ule mwandiko. Herufi zimesimama wima kama zilivyosimama ubaoni miaka yote. Nilirushiwa jiwe karibu na Genkuru. Halafu: Naomba msaada wa haraka. Halafu saini yangu. Lori sikulitaja kabisa. Lilikuwa limenijaa kichwani, nikadhani limo na kwenye karatasi. Marwa kachapa neno kwa neno. Hakuthubutu kumsahihisha mwalimu.

Mama mmoja wa kwenye benchi alinipa maji.

Nimemwomba radhi mbele ya walewale. Akasema yameisha. Akachukua karatasi mpya, akaandika mwenyewe, polepole, akiuliza kila kitu: lori lilikuwa mbele kwa hatua ngapi, turubai lilikuwepo au la. "Jiwe riririruka kutoka kwenye tairi ya rori." Ri moja imezidi hata kwa Mkurya. Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikasaini.

Nikiwa hapohapo kituoni nikampigia mwenye Probox.

Jumatano, 17 Septemba
Alfajiri Gorong'a. Mama alikuwa mlangoni, na kitenge chake. Sikuweza kumtazama. Najichukia, na niandike hivyo. Siku mbili amekaa pale kwa sababu ya kiburi changu, na bima nimeifanya kisingizio.

Hospitali wamesema leo imejaa. Kesho ndiyo mwisho, na waliotangulia ni wengi. Tumepewa namba kwenye kipande cha boksi. Ameishika kiganjani hadi kalala nayo.

Alhamisi, 18 Septemba
Saa kumi na nusu jioni. Wa mwisho kabisa. Wamefanya jicho moja, la kulia. La kushoto muda haukutosha. Tungekuja Jumatatu, lingepata nafasi.

Jumamosi, 20 Septemba
Swedi amepita asubuhi. Kampuni imekubali, kioo kitatoka Mwanza wiki ijayo. Amesema maelezo ya safari hii yalieleweka vizuri sana. Nikamshukuru, nikamkaribisha chai.

Bandeji ilitolewa jana. Leo mama nimemkalisha uani kwenye kiti kifupi. Amewatazama kuku, mmoja mmoja. Amenitazama mimi, akasema nimezeeka. Kisha akaangalia gari pale lilipoegeshwa.

"Bhoke," akasema, "kioo chako kimepasuka. Mbona hukuniambia?"

Nikamwambia jiwe liliruka.