Bibi Arusi wa Saikolojia

Kamembe, tarehe 9 Machi 2003

Hapana, Maman, sisomei wazimu, wala sijakonda. Habari zote mbili umezipata kwa Mukengere. Nampenda Mukengere kwa kuwa ndiye anayetuvushia barua mpakani pamoja na magunia yake ya vitunguu, lakini siku ile aliniona dirishani tu, tena nikiwa na shela, na mtu aliyefunikwa shela utajuaje kama amenenepa au amekonda? Nimenenepa, Maman. Lile gauni la bluu ulilonishonea limeanza kulalamika kiunoni.

Ona sasa, nimekujibu kabla ya kukusalimu. Jambo sana, Maman wangu mpenzi. Umeamkaje, na biashara ya vitenge pale Kadutu inaendaje? Papa Ntabaza anaendeleaje na kile kifua chake? Na Osée, bado anaficha viatu asubuhi ili asiende shule? Sisi huku tu wazima kabisa, mvua inanyesha vizuri, na nyumba yetu haivuji hata tone moja.

Naomba uniruhusu aya moja tu ya Cyusa, halafu nitakuwa na adabu. Maman, sikujua kwamba mtu anaweza kuolewa akafurahi hivi. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana anasimama mlangoni na kunisalimu kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana, ananiita Maman Docteur, anauliza kama docteur amelala salama. Jioni anarudi na harufu ya mbao mbichi na vumbi la msumeno kwenye kope, nami namfuta polepole ili kazi hiyo isiishe upesi. Unajua samani ya kwanza aliyonitengenezea? Si kitanda, si kabati. Ni meza ya kusomea, yenye droo mbili. Kaka zake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakasema wengine wanatengenezea bibi kabati, huyu anamtengenezea ofisi. Aya imekwisha.

Basi kuhusu huo wazimu. Ninachosomea kinaitwa saikolojia, miaka minne, kule Butare. Ni elimu ya namna mtu anavyofikiri, anavyoogopa, anavyokumbuka, na kwa nini kuna mambo hawezi kuyasahau hata akitaka. Utakumbuka mlinivusha nije shule ya huku Rwanda wakati vita vilipofunga shule za kwetu. Mwaka wangu wa mwisho, katika siku za Aprili za kuwaombolezea waliouawa mwaka 1994, msichana aliyekaa karibu nami alipiga kelele akaanguka, akawa anaona watu ambao sisi hatukuwaona. Walimu walikimbia huku na huku kutafuta maji. Kulikuwa na mama mmoja mgeni kutoka Butare. Huyo hakukimbia. Aliketi chini kwenye saruji na sketi yake nzuri, akamshika mkono, akamwomba amtajie vitu anavyoviona pale: dirisha, kiti, kiatu. Akataja, akataja, mpaka akarudi kwetu. Siku ile ile niliuliza kazi hiyo inaitwaje na inasomewa wapi. Nikaandika ombi. Halafu Cyusa akaja kutengeneza madawati ya shule yetu, na unajua mengine.

Jibu la ombi lilifika wiki ya nne baada ya harusi. Nimekubaliwa! Nilipiga yowe, Cyusa akaja mbio akidhani ni nyoka. Lakini barua ilisema ni lazima mwanafunzi mwenyewe afike kujiandikisha, mwisho ni Ijumaa tarehe 14 Februari, na asiyefika nafasi yake inapewa mwingine. Na mimi, Maman, nilikuwa siruhusiwi kutoka nje.

Hapa inabidi nikueleze desturi ya huku, maana kwetu haipo. Inaitwa gutwikurura, yaani kumfunua bibi arusi. Binti akishaolewa hukaa ndani na shela yake. Halimi, hachoti maji, haendi sokoni, haonekani barabarani, mpaka mama yake na shangazi zake waje na vikapu kichwani, wamvue shela, wampe maziwa anywe. Hapo ndipo anakuwa mwanamke wa mji ule. Akitoka kabla, watu wanasema ametoroka, au kwao wamemtupa. Siku hizi wengi wanamaliza yote siku ile ile ya harusi, lakini mama mkwe wangu, Nyirahabimana, ninayemwita Mabukwe kama wanavyosema huku, ni mtu wa zamani. Alipanga mje Jumapili iliyofuata harusi.

Jumapili ikapita. Ya pili ikapita. Mugwaneza, mke wa kaka yake Cyusa, ana mdomo kama wembe. Alikuwa akinichungulia dirishani na kuniuliza: “Wee bibi arusi, kwenu Bukavu ba-maman bote balisahau daraja iko wapi?” Wenzake wanacheka. Nikawapa jibu fulani la kuwanyamazisha. Jibu gani, nitakuambia chini; kwanza niache nifurahi kidogo.

Jumatano kabla ya ile Ijumaa nilikuwa nimekwisha kulia machozi yote. Cyusa alitaka anipakie tu kwenye gari na watu waseme watakavyo. Mimi nikakataa, maana yeye angekuwa kazini, na mimi ndiye ningebaki na mdomo wa Mugwaneza maisha yangu yote. Mabukwe alitusikia akiwa jikoni. Alhamisi asubuhi aliniita, akanikalisha kwenye mkeka, akasema mama yangu angekuwa na nafasi angekuja, na kwa kuwa hayupo, basi asubuhi hii mama yangu ni yeye. Akanivua shela kwa mikono yake yenye masizi, akaikunja vizuri, akanipa maziwa. Mugwaneza alipofungua mdomo kusema kwamba mama mkwe hawezi kumfunua mkwe wake, haijatokea tangu dunia iumbwe, Mabukwe alimwambia: “Sasa imetokea. Na wewe ulikuwapo, utawasimulia batoto bako.”

Kesho yake tukaenda Butare, mimi na yeye, kwenye gari ya alfajiri. Cyusa alibaki stendi akipunga mkono mpaka kona ya pili, najua kwa sababu nilihesabu kona. Tulipoingia msitu wa Nyungwe baridi ikaingia garini, Mabukwe akanifunika nusu ya kitenge chake. Humo ndani ya kitenge akaniambia kwamba tangu mwaka 1994 hajawahi kukaa akiupa mlango mgongo. Si kanisani, si nyumbani, si arusini kwetu. Alisema hivyo kama mtu anayesema hapendi chumvi nyingi. Kisha akaniambia nisome haraka, maana humu kifuani mwake kuna mengi yamepanga foleni.

Kwenye kujiandikisha nilikuwa nimetayarisha Kifaransa kizuri sana, endapo wataniuliza kwa nini nimechagua saikolojia. Wakaniuliza. Kifaransa chote kikanikimbia. Mabukwe, ambaye hajui hata neno moja la Kifaransa, akamwambia karani: “Andika tu. Huyu mtoto anajua kusikiliza.” Karani akacheka, akagonga muhuri.

Sasa nimesoma wiki mbili. Siku za kazi nalala Butare, Ijumaa narudi kwa mume wangu, na barabara nzima ile napanga nitakayomsimulia, nikimwona nasahau. Tuko themanini darasani. Mwalimu wetu, bwana Gasana, alituambia kwamba kazi ya kwanza haimo kitabuni: chagua mtu, kaa naye nusu saa, msikilize. Usimshauri, usimsahihishe, usimmalizie sentensi. Mwenzetu mmoja alinyanyua mkono akasema kwa shangazi yake jambo hilo haliwezekani, labda mwalimu aje mwenyewe. Mimi nilianza na Cyusa. Alinieleza bawaba za milango kwa dakika ishirini, halafu akaanza kunitazama, nami nikaanza kumtazama, na wote wawili tukafeli zoezi.

Basi jana Jumamosi nikamchagua Mabukwe. Tulikuwa uani tunachambua maharage. Alizungumza kidogo, kisha akataka kujua zoezi lenyewe ni lipi. Nikamweleza. Akasema vizuri, sasa zamu yake. Akanyamaza. Akaendelea kuchambua, huku ananitazama mara moja moja kwa upole, hasemi kitu. Maman, hazikupita dakika tano. Nilimwaga yote.

Na ndiyo haya niliyosema nitakuambia chini. Shika kiti.

Mugwaneza aliponiuliza kuhusu daraja, nilimjibu kwamba umeanguka kwenye ngazi za soko la Kadutu, umevunjika mguu. Nisamehe, Maman. Neno lilitoka lenyewe. Baada ya hapo likawa halirudi. Wameuombea mguu wako kanisani Jumapili tatu mfululizo. Mugwaneza mwenyewe, pamoja na mdomo wake wote, alitengeneza dawa ya kuchua kwa samli na majani, akanipa nikupelekee, na kopo liko chini ya kitanda changu linanuka.

Lakini mguu si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba wiki ile ya harusi Mabukwe aliniuliza kama nimewaeleza watu wa kwetu desturi hii, nami niliitikia ndiyo. Sikuwa nimekueleza. Sikukueleza kabisa. Wewe ulikaa kule ukingoja kuitwa, kwa kuwa kwetu mzazi hajipeleki kwa wakwe bila kuitwa, ukaona mtoto amepata mume amesahau mama. Uliniandikia hivyo, na nilistahili. Ukweli ni kwamba niliwaona siku ya harusi yangu mkivuka daraja. Mlikuwa sita tu. Vitenge vya sherehe mlikuwa mmevivalia makoti juu, mmefunga vifungo mpaka shingoni, na jua linawaka. Najua kwa nini. Najua maneno ya majirani kule mtaani kwetu Essence, kwamba mama Honorine ametoa binti yake kwa watu waliotuletea vita. Nikajiambia siwezi kukuomba uvuke tena mchana kweupe na vikapu kichwani, kila mtu akuone. Nikakuamulia bila kukuuliza. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikunyima siku yako.

Nilipofika kwenye mguu, Mabukwe alicheka mpaka maharage yakamwagika. Alikuwa anajua tangu wiki ya pili! Mukengere alimwambia kwamba alikukuta unapanda Kadutu na robota la vitenge kichwani, ukampita. Nikamuuliza kwa nini basi aliacha kanisa zima liombe. Akasema mguu unaopanda mlima ule na mzigo ule unahitaji maombi kuliko uliovunjika. Na akaniambia nitasoma miaka minne kujua jambo ambalo yeye alilijua kwa kutazama vidole vyangu tu, jinsi nilivyokuwa nikivuta pindo la shela kila walipotaja jina lako.

Nilipofika kwenye makoti, hakucheka. Alichambua maharage mpaka ya mwisho, akapepeta, akaweka ungo chini. Kisha akasema, kama koti ni zito kwa mama yangu, basi atakayevuka ni yeye, na hatavaa koti.

Anakuja, Maman. Yeye na wanawake wengine wanne, na Mugwaneza ni mmoja wao, ameomba mwenyewe. Watavuka daraja kweupe na vikapu kichwani, watapita katikati ya Essence kwa miguu mpaka kwako, wakubebee wewe vile ambavyo ungetubebea sisi. Na wakiketi, tafadhali mpe Mabukwe kiti kinachotazama mlango. Atakuuliza kama utapenda kurudi nao ng'ambo ya huku, unifunue mwenyewe. Shela anayo, ameikunja. Anasema alinifunua kwa ajili ya shule tu. Kwa ajili ya ndoa bado mama yangu hajafanya.

Usichechemee, nakuomba. Na kama hutaki, kama majirani ni wakali sana, mwambie Mukengere neno moja tu, nami nitawaambia hawa wanawake ukweli wenyewe bila kukutungia ugonjwa mwingine. Safari hii uamue wewe. Lakini Maman, natamani sana useme ndiyo. Nimefurahi kwa kila kitu katika ndoa hii isipokuwa hicho kimoja.

Nisalimie Papa, umwambie Cyusa anamtengenezea rafu ya vitabu. Mwambie Osée viatu avivae. Wasalimie shangazi zangu wote watano, hata yule anayesema saikolojia italeta mapepo. Mwambie nikimaliza nitamsikiliza nusu saa nzima bila kumsahihisha. Cyusa anakusalimu kwa heshima zote, amesimama nyuma yangu, anataka kujua kwa nini natabasamu na kulia kwa wakati mmoja, na mimi bado sijafika somo hilo.

Jumamosi ya tarehe 22, kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa mlangoni kwako saa nne asubuhi, na wa mbele kabisa nitakuwa mimi.

Binti yako akupendaye,
Honorine