Samaki Saba Wako, Saba Wangu

Mpendwa Tusekile, mke mwenzangu,

Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana na kuzitia jikoni, kwa kuwa nilikuwa naandika maneno ya mume wetu, na maneno yake yananikera hata yakitoka kwa mkono wangu mwenyewe. Ameniagiza nikuandikie urudi kabla eda haijaisha. Talaka ni moja, anasema, mlango bado uko wazi. Amekaa barazani na cherehani yake, anashona na kukohoa, na kila akikohoa najua anauliza kama nimemaliza. Sijamaliza. Leo ataumwa kifua.

Hujambo wewe? Wazee hapo Uyole hawajambo? Sisi tu wazima, na samaki nao ni wazima. Nianze na hao samaki, maana ndio waliotufikisha hapa.

Unakumbuka siku walipoletwa? Yule mama wa Kizungu wa shamba la tumbaku, aliyekuwa akishonewa magauni, alikuwa anarudi Ulaya, akamwachia fundi wake sanduku la kioo na visamaki kumi na vinne. Mumewe aliwavua mwenyewe mtoni huko chini, kupita Idodi, kwenye joto. Vidogo kama kidole cha mtoto, mstari mweusi ubavuni, mapezi mekundu. Majirani walikuja kuuliza tutawakaanga lini.

Na mume wetu, badala ya kufurahi kama watu wengine, akaanza kuhangaika sanduku likae wapi. Likikaa chumbani kwako, mimi nimedhulumiwa. Likikaa kwangu, wewe umedhulumiwa. Akatoa futi yake ya kupimia nguo, akapima kutoka mlango wako hadi mlango wangu, akaliweka katikati kabisa ya ukumbi, mahali ambapo kila anayepita alijigonga goti. Ndivyo alivyo. Nyama anaigawa kwa mizani ya kuazima dukani. Ndizi anaikata kwa kisu. Doti ya kanga aliipasua, kipande chako, kipande changu, tukabaki kila mtu na nusu ya vazi, naye akangoja tushukuru.

Siku zile mimi na wewe tulikuwa hatusemezani. Mimi mke mkubwa, mtoto wa mjini Iringa. Wewe msichana wa mashambani uliyesilimu juzi, ukipewa kitu unasema "ndaga" badala ya ahsante. Nilikuona mshamba, na wewe, kama ulivyoniambia baadaye, uliniona debe tupu. Kila mmoja wetu aliwalisha samaki siku ya zamu yake, kisha akawalisha tena kwa siri siku ya zamu ya mwenzake, ili bwana aone nani ana huruma zaidi. Maji yakawa kama uji.

Asubuhi moja tukafumaniana pale ukumbini, kila mtu na kiini cha yai mkononi. Samaki wamevimba matumbo, hawataki hata kutuona. Mara wakageuka wote kwa pamoja, kama wachezaji waliosikia ngoma ikibadilika, wakatupa mikia. Ukacheka. Kicheko chako kile cha kuwaamsha majirani. Nami nikajaribu kununa, ikashindikana.

"Mama Salma," ukasema, "hawa tutawaua kwa kushindana."

Kuanzia siku hiyo nikawa na mtu wa kuzungumza naye ndani ya nyumba hii. Salma wangu ameolewa Ilula, anakuja mara moja moja. Bwana ni mtu wa futi na mkasi. Ulipofika mwezi wa Juni na baridi yetu ile inayoingia hadi kwenye mifupa, tuliweka taa ya chemli ubavuni mwa kioo, tukalifunika sanduku kwa blanketi lako, tukakaa hapo hapo tukichambua maharage. Ukanisimulia viazi vya Uyole, na baba yako anayeimba kanisani kwa sauti ya kuwatoa watoto mbio. Wewe ndiwe uliyegundua kwamba samaki akipotea nyuma ya jiwe, rangi inamtoka, anakimbia huku na huko, hali, hatulii mpaka awaone wenzake. "Huyu akiwa peke yake si samaki," ulisema. "Ni woga tu."

Sasa niambie, nani alikuwa amelalamika? Nani alimwomba bwana haki? Alitusikia jioni moja tukitaniana ni zamu ya nani kubadilisha maji, na rafiki zake wa barazani wakamwambia kitu kimoja cha wake wawili huzaa fitina. Basi. Akaenda kukatiwa vioo vya dirisha, akatengenezewa sanduku la pili, akashika chujio la chai na kuanza kuvua. Saba chumbani kwako, saba chumbani kwangu.

"Baba, hawa hawagawanyiki," ulimwambia, tena kwa upole.

"Kila kitu hugawanyika isipokuwa Mungu," akajibu, na akaridhika sana na maneno yake.

Uliona yaliyofuata, lakini wacha niyaseme, maana hasira yangu haijapata pa kutokea. Wangu saba walijibanza kwenye kona. Wako saba walikuwa wakijigonga kwenye kioo. Rangi iliwatoka wakawa kama vipande vya kuni. Kisha mmoja wako akafa, na mume wetu akakosa usingizi, si kwa kumhurumia samaki, bali kwa kuwa sasa ulikuwa na sita na mimi saba. Akitaka kuninyang'anya mmoja akupe, anaona atakuwa amenidhulumu. Akitaka kuacha, anaona amekudhulumu wewe. Nilimwambia, "Baba Salma, warudishe ukumbini, uone kama hawatapona." Akaniambia mimi ni mwanamke mwema lakini sijui sheria.

Ndipo tukafanya tulivyofanya. Alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, wewe uliwavua wako kwa lile chujio la chai ukawabeba kwenye sufuria, mimi nikabeba wangu kwenye bakuli, tukawamimina wote kwenye sanduku la kwanza pale ukumbini. Tulisimama tukitazama. Kwanza walitawanyika kama wageni wasiojuana. Kisha mmoja akamfuata mwingine, wa tatu akajiunga, na kabla maji hayajatulia walikuwa kundi. Ukanishika mkono. Sijawahi kushikwa mkono vile ndani ya nyumba hii.

Akarudi. Akahesabu. Akakutazama wewe peke yako.

"Unanifundisha uadilifu?"

"Nakufundisha samaki, baba."

Ukajibu hivyo, Tusekile, na mpaka leo nikikumbuka nacheka na kuuma meno kwa wakati mmoja. Akakupa talaka hapo hapo, chujio la chai likiwa bado mkononi mwako. Nami nikasema, kwa sauti, na shahidi wangu ni Mungu, "Tumefanya wote wawili." Unajua alivyonijibu, ulikuwepo. "Wewe nyamaza. Leo si zamu yako."

Hilo ndilo linaloniuma kila nikimpakulia chakula. Mtu aliyekata hata ndizi kwa kisu, talaka hakuigawa. Kosa letu lilikuwa nusu kwa nusu, adhabu ukabeba yote, na mimi nikabaki na nyumba nzima, na kitanda cha kila siku, na hakuna wa kumkonyezea jicho bwana anapoanza hotuba zake.

Dereva wa lori anayepeleka mizigo Mbeya aliniambia amekuona barabarani hapo Uyole ukiuza viazi, umenenepa, na kicheko chako kilimfikia kabla hajazima injini. Nikamjibu alhamdulillahi. Kisha nikaingia ndani, nikavunja sahani. Nilikukasirikia kwa kuwa mzima bila mimi. Nataka urudi, ndiyo, sitaficha. Si yeye anayekuhitaji kama ninavyokuhitaji mimi. Yeye anahitaji upande wa pili wa mizani.

Lakini sikia, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nichane zile karatasi mbili. Tangu uondoke anakaa mbele ya kioo kila jioni na kuguna, nikadhani moyo umeanza kumlainika. Juzi akaniita. "Nimelijua kosa," akasema. Nikaacha mwiko, nikaja mbio. "Walikuwa kumi na watatu," akasema. "Kumi na watatu hawagawanyiki kwa wawili, na hapo ndipo shetani alipoingia." Tusekile, amemtuma mtu hadi Idodi, akaletewa samaki mmoja kwenye chupa. Sasa ni kumi na wanne. Lile sanduku la pili ameliosha kwa mkono wake, amelikausha, limesimama mlangoni mwa chumba chako. Anasema ukirudi tutaanza upya kwa haki kamili, saba wako, saba wangu.

Hajaelewa kitu. Amekaa na samaki miezi yote hii, na mimi miaka yote hii, na bado anafikiri tatizo lilikuwa hesabu.

Basi usirudi. Eda iishe, ulime viazi vyako, ucheke. Barua hii nampa dereva mwenyewe mkononi. Bwana anajua herufi za Kiarabu tu, hizi za shule zinampita. Akiniuliza nimeandika nini nitamsomea yale aliyoyataka, neno kwa neno, na atapiga cherehani yake kwa furaha mpaka magharibi. Nimelia nilipoliandika lile neno, na bado sitalifuta. Usirudi.

Dada yako,
Mama Salma